Kwa Nini Kiota cha Mbayuwayu Hakibomolewi

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye swali alifunge kwenye ncha ya kanga, atalifungua nikimaliza.

Zamani hizo mbayuwayu hakuwa ndege wa mjini. Mjini palikuwa na kuku, palikuwa na bata, na njiwa wa kufugwa waliokula mtama wa watu wakanenepa hadi kuruka kukawa shida. Mbayuwayu yeye alikaa mbali, kwenye magenge ya mto, akijenga viota vyake vya tope chini ya kingo zilizochomoza. Alipita juu ya mapaa ya watu akiwa na safari zake, wala hakutua. Na watu nao hawakumtazama. Ndege asiyeliwa, na ambaye hata mtama wako hautaki, utamtazamia nini?

Palikuwa na mji uitwao Ndunguni, mji wa nyumba za udongo mwekundu, kandokando ya mto huo. Ndunguni walikuwa na mila moja ambayo mgeni akielezwa hucheka kwanza, kisha huona kwamba wenyeji hawacheki. Nyumba mpya ikishakamilika, imeezekwa, imesiribwa, imefagiliwa, hakuna aliyeruhusiwa kulala humo wala kuwasha moto jikoni. Ilingoja kufunguliwa. Na haikufunguliwa kwa dua peke yake, wala kwa kuchinja mbuzi. Ilifunguliwa kwa kuzaliwa mtu. Mjamzito aliyefikia siku zake aliletwa na mkeka wake na mkunga wake, akajifungulia humo. Mtoto akilia tu, moto uliwashwa saa hiyohiyo, na mwenye nyumba akaingiza vyungu vyake.

Wazee walikuwa na sababu yao. Mababu wa Ndunguni walikuwa wamekimbia mji mwingine, mji ambao ugonjwa uliingia nyumba kwa nyumba, hata zile mpya ambazo udongo wake ulikuwa haujakauka. Nyumba zile zilijifunza kuzika kabla hazijajifunza kulea. Basi walipofika ukingoni mwa mto huu wakaapa kwamba hakuna nyumba yao itakayoonja kifo kabla ya kuonja uhai. Kilikuwa kiapo chema. Lakini hata kiapo chema, kikishikwa na watu miaka mingi, huota miiba.

Kwa hiyo Ndunguni mjamzito alikuwa mtu mkubwa kuliko jumbe. Tumbo likianza kuonekana tu, wenye nyumba mpya walipishana mlangoni kwake, huyu na mkungu wa ndizi, yule na kuku, mwingine na salamu ndefu ambazo mwaka jana hakuwa nazo. Walikuwapo wanawake waliozaa watoto wao wote katika nyumba za watu, hata watoto wakawa hawajui waseme ni wazaliwa wa mtaa gani. Na ilikuwapo sheria ya pili, kali kuliko ya kwanza. Nyumba iliyokamilika ikakaa bila kufunguliwa mpaka mvua ya kwanza ya masika, ilibomolewa, na udongo wake ukarudishwa mtoni. Walisema nyumba iliyokataliwa na uhai isiachwe imesimama, isije ikamwalika yule mwingine.

Katika mji huo aliishi Mwanamize, mkandikaji. Nusu ya kuta za Ndunguni zilikuwa zimepita viganjani mwake. Ukuta aliousiriba Mwanamize ulikuwa laini hata sisimizi akiupanda aliteleza akaona haya. Alijua ubora wa kazi yake na hakujifanya hajui. Ukienda kwake ukauegemea ukuta mbichi, ulitukanwa wewe na waliokulea.

Lakini mfinyanzi hulia gaeni. Yeye mwenyewe alikaa katika kibanda cha zamani kilichoegemezwa gogo, na masika iliyopita ukuta wa nyuma ulimwangukia jikoni, ukavunja kila chungu. Alikuwa mjane. Na kabla ya kuwa mjane alikuwa amezika watoto wawili wachanga, mmoja baada ya mwenziwe. Watu wa Ndunguni hawakulisahau jambo hilo, hata katika siku zile ambazo yeye mwenyewe alijaribu kulisahau.

Kiangazi hicho akaamua kujijengea nyumba. Kibanda kisingestahimili masika nyingine, hilo kila aliyekiona alilijua. Akasimamisha nguzo, akafunga fito, akaenda kutafuta udongo. Udongo mzuri kuliko wote ulikuwa chini ya genge la mto, mwekundu, usio na mchanga. Kila mtu alichimba pale, ila Mwanamize alichimba ndani zaidi, kwa kuwa alijua kuchagua. Alasiri moja, kapu likiwa kichwani na amekwisha kugeuka kwenda, alisikia mshindo mzito nyuma yake. Genge lilikuwa limeporomoka lote, na viota vya mbayuwayu navyo. Ndege walizunguka juu ya vumbi wakipiga kelele, wakishuka, wakipanda, wakitafuta mahali ambapo hapakuwapo tena.

Mwanamize alisimama akawatazama, na moyo ulimuuma kidogo. Kisha akasema, "Dunia pana hii, watapata pengine." Akaenda zake. Hivyo ndivyo tunavyosema sote tukiwa tumebeba kapu letu.

Nyumba ikapanda. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na ukumbi, yenye kidirisha juu ya mlango cha kuingiza hewa. Kilichobaki ni kumpata wa kuifungua, na hapo Mwanamize hakuwa na wasiwasi, kwa sababu alikuwa na Kidawa. Kidawa alikuwa jirani yake, mke kijana, mwenye mimba ya kwanza iliyokwisha kukua. Alimpenda Mwanamize, akimwita shangazi ingawa hawakuwa na udugu.

"Shangazi, mimi nitakuja kujifungulia kwako," alimwambia. "Neno langu hilo."

"Mkweo je?"

"Mkwe wangu atasema mpaka achoke. Anayejifungua ni mimi."

Mwanamize akarudi kusiriba kuta zake kwa raha, akiimba. Kiangazi kilikuwa kikali. Mto ulikuwa umekonda, umebaki kamba ya maji katikati ya mchanga, na tope bichi halikupatikana popote isipokuwa katika shimo la Mwanamize, nyuma ya nyumba, alikokuwa akimwaga maji kila asubuhi. Ndiko walikoligundua tope mbayuwayu wawili, dume na jike, katika wale waliopoteza genge.

Walitua ukingoni mwa shimo, wakaangaza huku na huku kama wageni waliofika sherehe wasiyoalikwa, wakachota tope mdomoni, wakapita kwenye kile kidirisha wakaingia ndani. Mwanamize alipoingia ukumbini alikuta madoa ya tope juu ya mlango, chini kidogo ya boriti, kwenye ukuta alioumaliza jana. Alikasirika kama aliyerushiwa matope kwenye kanga ya Idi. Akayakwangua, akasiriba upya. Alasiri yakawapo tena. Kesho yake akawangojea na ufagio.

"Kwenu hakuna kuta?" aliwafokea.

Kwao kuta zilikuwapo, na aliyeziangusha alikuwa yeye. Lakini wakati huo hakuliwaza hilo. Aliwaza ukuta wake. Na kusema kweli, hata asingewafukuza, ndege wale wasingefika mbali. Tope lao halikushika. Kila walipobandika tone, liliteleza kwenye ulaini ule likaanguka sakafuni, nao wakarudi shimoni kuchota jingine.

Uchungu ulimshika Kidawa asubuhi moja, siku hizo anga likiwa halijaanza kupata mawingu. Mwanamize alisikia habari kwa wapita njia. Akatandika mkeka ukumbini, akapanga kuni jikoni, akasimama mlangoni na kanga safi begani. Akangoja. Baada ya muda akawaona wanawake wanakuja na Kidawa katikati yao, wamemshika mikono. Walifika kwenye njia panda. Badala ya kushuka kwa Mwanamize, wakashika njia ya juu, iendayo kwenye nyumba mpya ya shemeji yake Kidawa.

Mama mkwe wa Kidawa peke yake ndiye aliyesimama.

"Mwenzangu, usituone wabaya," alisema, wala hakusema kwa kejeli. "Huyu ni mjukuu wangu wa kwanza. Siwezi kumpeleka kwenye mikono iliyozika."

Kidawa aligeuza uso kumtazama shangazi yake. Alifungua mdomo, lakini uchungu ukamkata, na wenziwe wakamvuta mbele.

Mwanamize aliingia ndani akaketi juu ya ule mkeka. Akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha miaka, akimlilia mumewe na wale wawili na nyumba hii nzuri ambayo masika ingeikuta haijafunguliwa. Katika mji mzima hapakuwa na mjamzito mwingine ambaye jamaa zake wangemruhusu, hilo sasa lilikuwa wazi. Ingebomolewa ukuta kwa ukuta, naye angerudi kwenye kibanda kungoja kimwangukie.

Alipokuwa bado analia, kitu kikadondoka mkekani kando ya goti lake. Lilikuwa tone la tope. Akainua macho. Mbayuwayu jike alikuwa amejibandika ukutani, akipapatika, anajaribu kushikiza tone jingine. Nalo likateleza likaanguka. Ndege akatoka kwenye kidirisha, akarudi na jingine. Likaanguka. Akatoka tena.

Mwanamize akayafuta machozi apate kuona vizuri. Ndege yule hakuonekana amekata tamaa wala amekasirika. Alionekana ana haraka tu, haraka ya mama ambaye siku zake zimefika na hana pa kulala. Hapo ndipo Mwanamize alipokumbuka genge, na vumbi, na kelele zile juu ya mto, na maneno aliyoyasema yeye mwenyewe kapu likiwa kichwani.

"Nyumba yenu niliiangusha mimi," alimwambia ndege. "Na hapa tena nawafukuza mimi."

Akatoka nje, akaokota kigae katika vile vyungu vyake vilivyovunjika. Akaingiza kinu, akakifudikiza chini ya boriti, akapanda juu yake. Na yule fundi aliyekuwa akigombana na watu kwa kuegemea ukuta, akauchana ukuta wake mwenyewe. Aliukwaruza kwa kigae huku na huku mpaka ukawa na mikwaruzo kama mgongo wa kenge. Tangu azaliwe hakuwahi kuharibu kazi iliyokwisha. Kisha akashuka akakaa pembeni.

Mbayuwayu akarudi. Akabandika tope lake penye mikwaruzo. Likashika.

Tangu siku ile Mwanamize hakuwa na la kusiriba, lakini shimo lake halikukauka. Kila asubuhi alitelemka mtoni na mtungi, akatafuta maji katikati ya mchanga, akapanda nayo akayamwaga shimoni, na mbayuwayu wakachota. Watu walipata la kusema. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye paa naye ni vivyo hivyo.

"Mwanamize siku hizi ni mtumwa wa ndege," mmoja alimtania mtoni.

"Afadhali hao," Mwanamize akajibu. "Hao hawajanipita mlangoni."

Kiota kikazunguka, kikainuka, kikawa kikombe cha tope kilichoshikamana na ukuta. Yeye akitazama alijua kabisa wanachokifanya. Waliweka mstari mmoja, wakaacha ukauke, ndipo wakaweka mwingine, vilevile kama anavyokandika yeye. Baadaye jike akalala ndani, mkia tu ukionekana. Baadaye tena, siku moja Mwanamize akiwa anafagia, akasikia sauti nyembamba mno juu ya kichwa chake. Akasimama na ufagio mkononi, akacheka peke yake.

Wakati huo mawingu yalikuwa yamekwisha kuanza kujikusanya upande wa milimani.

Siku waliyokuja kubomoa, upepo ulikuwa na harufu ya mvua. Jumbe Shomari alitangulia na kilemba chake, nyuma yake vijana na majembe, na nyuma ya vijana nusu ya mji, kwa sababu watu hawakosi bomoabomoa. Alikuwapo Bi Chausiku pia, mkunga wa Ndunguni, kikongwe aliyetembea kwa fimbo. Mila ilitaka mkunga ashuhudie kwamba katika nyumba hiyo hakuzaliwa mtu.

Mwanamize aliwapokea mlangoni. Hakuwa na matumaini ya kuiokoa nyumba, wala hakukusudia kubishana na mila.

"Jumbe, sina neno," alisema. "Mtaibomoa, na udongo nitaubeba mwenyewe kuurudisha mtoni. Naomba jambo moja tu. Ngojeni wana waruke."

"Wana gani?"

"Wa mbayuwayu. Wamo humu ndani. Hawajaota manyoya sawasawa. Mimi nimekwisha kuwaangushia nyumba mara moja, siwezi kuwaangushia mara ya pili."

Watu wakaangua kicheko. Jumbe Shomari hakucheka, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa utaratibu.

"Binti yangu," alisema, "mvua haingoji ndege."

Basi hapo, katikati ya kicheko, Bi Chausiku akainua fimbo yake. "Nyamazeni," alisema. "Hebu nyamazeni nisikie."

Wakanyamaza. Mama mbayuwayu alikuwa amepita juu ya vichwa vyao na mdudu mdomoni, akaingia kwenye kidirisha, na ndani makinda wakapiga kelele kwa njaa yao yote. Kikongwe alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama alivyosikiliza vyumba vyote vya Ndunguni maisha yake yote. Kisha akamgeukia jumbe.

"Mimi nimeitwa kushuhudia kwamba humu hakuzaliwa kiumbe. Siwezi kushuhudia hivyo. Nasikia wanalia."

"Bi mkubwa, hao ni ndege."

"Na wewe, Shomari, ulipotoka nilidhani ni kinda la kunguru. Hata hivyo nilikufuta uso nikakupokea."

Watu walicheka tena, lakini sasa kicheko kilikuwa kimehamia upande mwingine. Jumbe akakohoa.

"Bi mkubwa, tusifanye mzaha," alisema. "Mila hii waliiweka mababu kwa ajili ya watu. Tukisema ndege anafungua nyumba, kesho panya akizaa ghalani tutasemaje? Nyumba imefunguliwa na panya?"

Lilikuwa swali zuri, na vijana wenye majembe walitikisa vichwa kukubali. Bi Chausiku aliegemea fimbo yake.

"Panya huzaa gizani, na akikuona hukimbia," alisema. "Huyo ni mwizi, anajijua. Hawa wamejenga mchana, kwa udongo uleule wa nyumba, mwenye nyumba akiwatazama. Wamewaweka wanao juu ya kichwa chake, wakatoka kwenda kutafuta chakula, wakamwachia. Shomari, katika mji huu wote ni nani amemwachia Mwanamize mtoto?"

Mama mkwe wa Kidawa alitazama chini.

"Mababu walitaka nini?" kikongwe akaendelea. "Walitaka ishara moja tu, kwamba uhai umeitazama nyumba hii ukakubali kuanzia humo. Sisi tukaifanya ishara hiyo kuwa kitu cha kunyimana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, na ninyi mmeshika majembe."

Jumbe alikuwa bado anatafuta jibu mvua ilipoanza. Haikuanza kwa manyunyu. Ilishuka yote pamoja, matone makubwa ya kuuma, ikapiga vumbi na makuti na vichwa vya watu. Mvua ya kwanza ya masika ilikuwa imeikuta nyumba ya Mwanamize imesimama, na kwa sheria majembe yalitakiwa kuanza saa hiyo.

"Vijana," jumbe akasema, lakini hakumaliza.

Katika kundi la watu alitoka Kidawa. Alikuwa ametoka arobaini juzi tu, na mwanawe alikuwa kifuani, amemfunika kwa kanga. Alikata katikati ya wenye majembe akaelekea mlangoni.

"Kidawa!" mkwewe alipiga ukelele. "Nyumba haijafunguliwa hiyo! Rudi!"

"Mama, mvua inamnyeshea mtoto, na nyumba hii hapa," Kidawa alisema. Kisha akamtazama Mwanamize. "Shangazi, nilikuahidi nitaingia humu. Nimechelewa tu."

Akaingia. Ndani, mtoto ambaye alikuwa amekatizwa usingizi na mvua akaanza kulia, na makinda waliposikia kilio wakadhani ni saa ya kula, wakaitikia. Walilia pamoja, yule mmoja kwa sauti nene na wale kwa sauti nyembamba, na kutoka nje hukuweza kusema kilio kipi kinaishia wapi. Paa halikuanguka. Hakuna kilichotokea, ila kwamba kulikuwa na nyumba, na ndani yake kulikuwa na watoto wanalia.

Bi Chausiku akafuata, na fimbo yake. Wakafuata wanawake wenye watoto. Wakafuata vijana, kwanza mmoja, halafu wote, majembe wameyaacha yanalowa. Mama mkwe alisita kizingitini, kisha akaingia moja kwa moja hadi alipokaa Kidawa, akaitwaa ile mikono ya Mwanamize iliyojaa sugu za udongo. Alimchukua mjukuu kwa mamaye, akamweka katika mikono ile. Mwanamize alimshika mtoto kama mtu anayeshika maji, na alipomwona amefumba macho na kutulia, akalia tena, safari hii bila sauti.

Nje alibaki Jumbe Shomari peke yake, akiilinda mila, mpaka kilemba kikamtelemkia masikioni. Mwishowe naye akaingia. Alisimama chini ya boriti, maji yakimchuruzika, akainua uso. Vinywa vinne vya manjano vilimfungukia.

"Hawa wana njaa," alisema.

"Basi jumbe amewaona," alijibu Bi Chausiku. "Mwanamize, washa moto."

Mwanamize akawasha moto kwa kuni zile alizozipanga siku ya Kidawa, na moshi ukatoka kwa mara ya kwanza kwenye paa lile, katikati ya mvua. Wakakaa humo mpaka ikapusa, nusu ya mji, wamebanana, wananuka unyevu. Kabla ya kuondoka, jumbe alitangaza mbele ya wote kwamba nyumba imefunguliwa, na kwamba kuanzia hapo nyumba yoyote ambayo mbayuwayu amejengea na kuangua, imefunguliwa. Atakayebomoa kiota chake amebomoa mlango wa mwenziwe.

Mwanamize aliishi katika nyumba ile mpaka akazeeka. Kila mwaka mbayuwayu walirudi wakatengeneza kiota chao, na kila mwaka vilio vilisikika ukumbini kwake. Watu wakasahau kuiogopa mikono yake, na mwishowe wajawazito ndio walioomba kwenda kujifungulia kwake, wakisema kwamba kwa Mwanamize watoto hawakosi wa kuwaitikia. Alizidi kuwa mkali kwa wanaoegemea kuta. Ila kila nyumba aliyoisiriba, chini ya boriti aliacha mahali pa kiganja kimoja hapajalainishwa, na wakandikaji wengine wakaiga. Genge la mto halikuchimbwa tena ndani, lakini mbayuwayu wengi hawakurudi huko. Walikuwa wamekwisha kuuona mji.

Na tangu siku hiyo mbayuwayu akawa ndege wa mjini. Hafugwi, hana tundu wala mwenyewe, na bado anajenga mlangoni mwa watu bila kuomba ruhusa. Nyumba za udongo zilipoisha alihamia kwenye za mawe, za mawe zikamleta kwenye za saruji, na milango ilipoanza kufungwa kwa kufuli yeye akatoka ukumbini akaja barazani. Utamwona leo juu ya taa ya duka, chini ya daraja, kwenye paa la stendi ambako magari yanapiga honi kutwa, hata sokoni juu ya vichwa vya wauza nyanya. Fundi wa rangi akimkuta, hukizunguka kiota kwa brashi yake akaacha alama isiyopakwa, na ukimuuliza kwa nini, atakwambia tu kwamba hakibomolewi.

Mila ile ya Ndunguni watu wameiacha. Wajawazito siku hizi wanakwenda hospitali, na ni heri yao. Anayeishika bado ni mbayuwayu. Jengo jipya likisimama mjini, ghorofa juu ya ghorofa, madirisha hayajatiwa vioo na hakuna aliyewahi kulala humo, yeye huwa amekwisha kuingia na tope mdomoni, anatafuta palipokwaruzwa, ili uhai uwe wa kwanza kufika.